Karani wa Bwana Gaumont: Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tulimwacha Alice Guy mbele ya meza ya bosi wake, jijini Paris, akisubiri jibu. Alikuwa ameomba ruhusa ya kutengeneza filamu.

Karani! Tena mwanamke! Tena miaka ya 1890!

Unakumbuka chanzo chake? Machi 1895 alikwenda na Bwana Léon Gaumont kutazama mashine mpya ya akina Lumière. Wakaona wafanyakazi wakitoka kiwandani. Basi, ni hayo tu. Wengine walistaajabu kuona picha inatembea, ila Alice alitoka na swali: mbona haisimulii hadithi?

Nisikuzungushe, msomaji wangu. Gaumont alikubali.

Ngoja, usishangilie bado! Alikubali kwa sharti: kazi za ukarani zisilale hata kidogo. Yeye biashara yake ilikuwa kuuza kamera, na hizo filamu aliziona mchezo tu. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lake likawa bahati yetu.

Kwa mujibu wa kumbukumbu za Alice mwenyewe, ilikuwa mwaka 1896. Studio hana. Anatafuta baraza huko Belleville, anatundika kitambaa kilichochorwa, anawaita marafiki waigize. Kichimbakazi anatokea shambani, anachuma watoto wachanga katikati ya kabichi. Filamu haifiki hata dakika mbili.

Watu wakaipenda!

Unadhani alirudi kwenye barua? Thubutu! Kwa takriban miaka kumi akawa mkuu wa utayarishaji wa filamu za Gaumont. Mwaka 1906 alitengeneza maisha ya Yesu, yenye mandhari 25 na waigizaji wa ziada wapatao 300. Hebu piga picha: mwanamke mmoja anawapanga watu 300, na kila mmoja anamsikiliza.

Kisha akaja Herbert.

Najua, ulikuwa unamsubiri. Herbert Blaché, kijana wa kampuni hiyohiyo. Walioana 1907, akatumwa Marekani kutangaza mashine ya Gaumont ya filamu zenye sauti. Alice akamfuata mumewe, na kiti chake Paris kikakaliwa na Louis Feuillade.

Miaka kumi ya jasho, na sasa yuko ugenini, Kiingereza kinampiga chenga. Mwaka 1908 akapata binti, Simone.

Wewe ungefanya nini? Ungekaa nyumbani ulee?

Alice alilea, sawa. Lakini jicho lake halikutulia. Huko Flushing, New York, Gaumont alikuwa na studio ambayo siku nyingi ilikaa bila kazi. Taa zipo, kamera zipo, watu hawapo. Mwaka 1910 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Solax, akaanza kupiga filamu humohumo.

Sikiliza vizuri hapa. Wanawake wa Marekani walikuwa bado hawana haki ya kupiga kura nchi nzima. Huyu mgeni anamiliki kampuni, anachagua hadithi, anaongoza, analipa mishahara!

Miaka miwili baadaye akajenga studio yake Fort Lee, New Jersey, kwa zaidi ya dola 100,000. Mwaka huohuo akajifungua mtoto wa pili. Humo studioni alitundika bango kubwa lililowataka waigizaji wawe wa kawaida, wasijilazimishe. Wakati huo waigizaji wengi walirusha mikono na kutoa macho. Yeye alitaka binadamu, na kwangu mimi bango lile lina uzito kuliko jengo zima.

Mambo yamenyooka, siyo? Fedha zinaingia, jina linavuma.

Mwaka 1913 mkataba wa Herbert na Gaumont ukaisha. Alice, aliyetaka muda zaidi wa kuongoza filamu, akafanya jambo ambalo kila nikilifikia natamani nimshike mkono. Akampa mumewe urais wa Solax.

Kampuni aliyoizaa mwenyewe!

Haikupita hata nusu mwaka. Miezi mitatu tu, Herbert akajiuzulu. Akatangaza kampuni mpya, yenye jina lake: Blaché Features.

Sasa jiulize, msomaji wangu. Huyu bwana studio hana. Kamera hana. Waigizaji hana. Hizo filamu zake atazipigia wapi, na kwa mali ya nani?

Itaendelea Jumapili ijayo.