Makufuli Matatu: Mafundi Simu, Namba Tambulishi na Swali la Umiliki Nyegezi, Mwanza

Katika lugha ya mafundi simu wa Mwanza, neno moja, kuflashi, limebeba kazi tatu: kuifungua simu au modemu iliyofungwa kwenye mtandao mmoja, kuweka upya mfumo endeshi ulioharibika, na kuandika upya namba tambulishi ya IMEI yenye tarakimu 15. Kwa mteja anayeacha simu mezani asubuhi na kuifuata jioni, tofauti ya kazi hizo haina uzito. Atakacho ni simu iwake na ishike mtandao. Kwa mtafiti wa historia, tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala. Insha hii inajenga hoja kwamba kufuli la simu nchini Tanzania halikuondoka, bali lilihama: kutoka kwa kampuni ya simu, likaenda kwa dola, kisha likaenda kwa mkopeshaji. Katika kila hatua swali lilibaki lilelile: aliyelipia simu yake ana mamlaka gani juu yake?

Nyegezi, kata iliyo kusini mwa Jiji la Mwanza, inafaa kuwa mahali pa kulitazamia swali hilo. Ina kituo kikubwa cha mabasi, chuo cha uvuvi, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichozaliwa mwaka 1998 kutokana na chuo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa mwaka 1960. Msafiri, mwanafunzi na mvuvi wana hitaji moja linalowaunganisha: mtu anayehama au mwenye kipato kidogo hawezi kutegemea laini moja.

Kufuli la kwanza lilitoka nje. Barani Ulaya na Marekani, kampuni za simu zilimuuzia mteja simu kwa bei pungufu, naye akafungwa kwa mkataba wa miezi mingi. Kufuli lililinda fedha iliyotangulizwa. Mgogoro wake ulikuwa wa kisheria. Huko Marekani, ruhusa ya kufungua simu ilitolewa mwaka 2006, ikaondolewa kwa simu mpya mwanzoni mwa 2013, ikarudishwa kwa sheria iliyotiwa saini Agosti 2014. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2021.

Tanzania haikupita njia hiyo. Wateja walio wengi walitumia vocha na kununua simu kwa fedha zao wenyewe, mpya au mtumba. Aidha, kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali. Hadi mapema mwaka 2013 gharama ya maunganisho baina ya mitandao ilikuwa shilingi 112 kwa dakika. Machi mwaka huo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, iliishusha hadi shilingi 34.92, na kufikia Januari 2018 ilikuwa shilingi 15.60. Katika mazingira hayo, kuwa na laini mbili au tatu kulikuwa hesabu ya matumizi ya nyumbani, na simu za laini mbili, hususan za Tecno na itel, zilipata soko kwa kuitambua hesabu hiyo. Kufuli la mtandao lilionekana zaidi kwenye modemu za intaneti na kwenye simu za bei nafuu zilizouzwa na kampuni zenyewe. Hata huko halikuwa imara: kwa modemu nyingi za zamani za Huawei, namba ya kufungulia ilikokotolewa kutokana na IMEI yenyewe, hivyo fundi mwenye kompyuta aliweza kuipata kwa dakika chache.

Kuhusu programu mbadala, tofauti na nchi za magharibi ni kubwa zaidi. CyanogenMod, iliyoasisiwa na Steve Kondik mwaka 2009 na kurithiwa na LineageOS mwishoni mwa 2016, iliwapa watumiaji uhuru wa kuondoa programu za kampuni na kupata matoleo mapya ya Android. Uhuru huo ulitegemea watengenezaji kutoa msimbo chanzo. Simu nyingi za bei nafuu zilizoingia Tanzania zilitumia chipu za MediaTek, na kwa nyingi kati yake msimbo huo haukutolewa. Fundi alirudisha mfumo uleule wa kiwandani, kwa faili lililotoka kwenye simu ya aina hiyohiyo. Kile ambacho kwingine kilikuwa ukombozi, hapa kilikuwa matengenezo.

Matengenezo hayo yalikuwa na hatari yake. Katika simu za MediaTek, IMEI huhifadhiwa katika sehemu ya kumbukumbu inayoweza kufutika iwapo fundi atafuta kila kitu kabla ya kuweka mfumo. Simu huwaka bila namba, na hushindwa kushika mtandao. Fundi mwangalifu huisoma namba iliyoandikwa chini ya betri na kuirudisha ilivyokuwa. Asiye mwangalifu huandika namba yoyote, hata ya simu nyingine.

Hapo ndipo kufuli la pili lilipoingia. Kenya ilikuwa imezima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012. Tanzania, baada ya kuanzisha rejesta kuu ya namba tambulishi na kuwataka wananchi wahakiki simu zao kwa kutuma IMEI kwenda 15090, ilizizima usiku wa tarehe 16 Juni 2016. Lengo lilikuwa halali: kuzuia bidhaa duni na wizi. Hata hivyo, rejesta husoma namba tu, haisomi nia. Simu halisi iliyopoteza namba yake mikononi mwa fundi iliweza kufanana, machoni pa mtambo, na simu bandia. Kosa dogo la mezani liligeuka jambo la kisheria, na aliyebeba hasara alikuwa mwenye simu, ambaye hakujua kilichofanyika ndani yake.

Kufuli la tatu ni la mkopo. Nchini Kenya, mpango wa Lipa Mdogo Mdogo wa Safaricom, ulioanza Julai 2020 kwa ushirikiano na Google, ulimwezesha mteja kulipa shilingi 20 za Kenya kwa siku. Akichelewa, simu ilijifunga. Mtindo huo umeenea Tanzania pia. Kufuli hilo halimbani mteja kwenye mtandao. Linambana kwenye deni, na limekaa ndani kabisa ya mfumo endeshi.

Kwa hiyo, kuyaita yote matatu kuflashi ni kuficha historia. Kuondoa kufuli la mtandao kulipanua haki ya mnunuzi. Kurudisha mfumo kulirefusha maisha ya simu. Kubadili IMEI kulivunja rekodi inayowalinda wengine. Na kuondoa kufuli la mkopo ni kuvunja ahadi ya deni. Sheria inayomtazama fundi wa Nyegezi kama mhalifu mtarajiwa kwa kazi zote hizo itamwadhibu yule anayerudisha namba sahihi pamoja na yule anayeiba namba ya mwingine. Utafiti unaofuata kazi kwa kazi, badala ya neno, ndio unaoweza kuwatenganisha wawili hao.