Siku Arobaini na Tano Angani: London hadi Cape Town



Siku hizi abiria hupanda ndege London jioni, akateremka Cape Town asubuhi. Umbali wake angani ni kilomita zipatazo 9,600, nayo safari ya moja kwa moja huchukua takriban saa kumi na mbili. Sisi tuliosoma Tabora tuna haki ya kuijua njia hiyo, maana mji ule umo katika historia yake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Serikali ya Uingereza ilituma vikosi kupima njia ya ndege toka Cairo mpaka Cape Town. Vilitengenezwa viwanja zaidi ya 40. Kutengeneza kiwanja maana yake ilikuwa kukata miti, kung'oa visiki na kuvunja vichuguu vya mchwa, vingine virefu kuliko nyumba. Kazi hiyo ya jembe na shoka ilifanywa na Waafrika kwa mamia.

Tarehe 24 Januari, 1920, ndege aina ya Vickers Vimy iliyokodiwa na gazeti la The Times iliondoka Uingereza. Ilifika Tabora, na tarehe 27 Februari, ilipokuwa ikiruka kuendelea na safari, ikaanguka. Wote waliokuwamo walisalimika, lakini safari yao iliishia hapo hapo, siku ya 34.

Waliofika ni Van Ryneveld na Brand wa Afrika Kusini. Waliondoka tarehe 4 Februari, wakaingia Cape Town tarehe 20 Machi. Ndege yao ya kwanza ilivunjika Korosko, Misri; ya pili ikavunjika Bulawayo; wakamaliza kwa ya tatu. Siku 45! Waandishi wengine hupenda kusema kuwa walitumia saa 109 tu, yaani zile za kuwa angani. Mimi siikubali hesabu hiyo. Msafiri anayengojea injini porini bado yumo safarini.

Aprili 1932 shirika la Imperial Airways lilianza kuchukua abiria kila juma hadi Cape Town kwa siku 11 hivi, tena sehemu ya Ulaya walipanda treni. Njia ilipita Dodoma na Mbeya. Tabora ikaachwa kando. Tarehe 2 Mei, 1952, ndege ya jeti aina ya Comet ilitoka London, ikatua Entebbe miongoni mwa vituo vyake, ikafika Johannesburg kabla saa 24 hazijatimia.

Van Ryneveld na Brand walipewa fedha na cheo cha "Sir". Majina ya waliovunja vichuguu sijayaona kitabuni. Kama yuko ndugu ambaye babu yake alifyeka kiwanja kile cha Tabora, tafadhali amletee mhariri habari zake kabla ya mkutano wetu ujao.