Vifaa vya kufundishia lugha: namna ya kuvichagua na kuvitunga

Kitabu kinachomfaa mtalii wa wiki mbili hakimfai mtoto aliyezaliwa ughaibuni anayetaka kuzungumza na bibi yake kwa simu. Kila mwalimu wa lugha, awe Dar es Salaam, Muscat au London, hukabiliwa na uchaguzi huo kabla ya somo la kwanza. Akikosea, mwanafunzi aweza kusoma mwaka mzima na asiweze kuagiza chai.

Vifaa vya kufundishia lugha ni kila kitu kinachomletea mwanafunzi lugha na kumpa nafasi ya kuitumia: vitabu vya kiada na vya ziada, kamusi, picha, kadi, sauti zilizorekodiwa, magazeti, matangazo ya redio, video na programu za simu. Makala haya yanaeleza, kwa mfano wa Kiswahili, jinsi vifaa hivyo vinavyopimwa, na jinsi mwalimu asiyepata kinachomfaa anavyoweza kutunga chake.

Kila kitabu na mwanafunzi wake

Vitabu vya kuwafundisha wageni Kiswahili vina umri wa zaidi ya karne moja na nusu. Mwaka 1850 mmisionari wa Kijerumani Johann Ludwig Krapf, aliyeishi Rabai karibu na Mombasa, alichapisha maelezo ya sarufi ya lugha hiyo. Mwaka 1870 Edward Steere, wa misheni ya Kianglikana ya Unguja, alitoa kitabu cha mwongozo wa Kiswahili kama kilivyosemwa kisiwani humo. Waliolengwa kwanza walikuwa wamisionari na maofisa, ambao wengi wao walikuwa wamezoea kujifunza lugha kwa majedwali ya sarufi.

Mwaka 1930 serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ziliunda kamati ya pamoja ya lugha ya Kiswahili. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kusanifisha tahajia na kuvipitia vitabu vya shule, ili mtoto wa Tanga na wa Kisumu wasome maneno yaliyoandikwa kwa namna moja.

Mwaka 1944 E. O. Ashton, aliyefundisha Chuo Kikuu cha London, alitoa sarufi iliyotumiwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa vyuo vikuu. Katika miaka ya 1960, Foreign Service Institute, taasisi inayowafunza wanadiplomasia wa Marekani, ilihitaji kitu kingine kabisa: maofisa waliopaswa kuzungumza mara wafikapo Dar es Salaam au Nairobi. Kozi zake zilijengwa juu ya mazungumzo mafupi na kanda za sauti.

Ukiweka vitabu hivyo mezani pamoja, utaona vinatofautiana sana. Sababu kubwa ni wanafunzi waliokusudiwa. Kwa hiyo swali la kuuliza dukani au maktabani ni hili: kitabu hiki ni kizuri kwa nani?

Nguvu, wepesi na uwazi

Mmoja wa waliotunga kozi za Kiswahili za taasisi hiyo ya Marekani alikuwa Earl W. Stevick. Mwaka 1971 alichapisha kitabu kinachohusu kurekebisha na kuandika masomo ya lugha, ambacho kimewaathiri walimu wa lugha nyingi. Alipendekeza kifaa chochote kipimwe kwa sifa tatu.

Sifa ya kwanza ni nguvu. Je, somo lina manufaa ambayo mwanafunzi mwenyewe anayaona? Mazungumzo ya kukata tiketi ya basi la Arusha yana nguvu kwa anayekwenda Arusha. Kwa mtoto wa miaka tisa aishiye Toronto hayana nguvu yoyote, hata kama sarufi yake haina kosa.

Sifa ya pili ni wepesi. Kila neno jipya, kila kanuni mpya na kila sauti ngeni ni mzigo. Somo linalofundisha ngeli tatu, maneno arobaini na nyakati mbili kwa siku moja humwelemea mwanafunzi, naye huacha kuja.

Sifa ya tatu ni uwazi. Mwanafunzi anapaswa kuona kinachoendelea na jinsi sehemu zinavyohusiana. Sentensi “kikombe kimevunjika” na “vikombe vimevunjika”, zikiwekwa chini ya picha mbili, zinamwonyesha upatanisho wa kisarufi bila maelezo marefu.

Ni vigumu kifaa kimoja kuwa na sifa zote tatu kwa kiwango cha juu. Habari ya redio ina nguvu, lakini ni nzito kwa anayeanza. Orodha ya salamu ni nyepesi, lakini ikibaki peke yake nguvu yake huisha mapema. Kazi ya mwalimu ni kujua upungufu uko wapi na kuujaza kwa kifaa kingine.

Nani anazungumza na nani?

Stevick alisisitiza pia kwamba somo lina pande tatu: lugha yenyewe, mada, na jamii, yaani watu wanaozungumza na uhusiano wao. Vitabu vingi hujali mbili za kwanza na kuisahau ya tatu.

Kwa Kiswahili kosa hilo lina gharama. Kijana aliyefundishwa kumsalimu kila mtu “mambo” atamkosea adabu mzee wa Tanga bila kukusudia. Mtoto anayerudi nyumbani likizoni huhitaji “shikamoo” kabla ya kuhitaji bei ya nyanya, na lazima ajue kwamba jibu lake ni “marahaba”. Anapaswa kujua tofauti ya shangazi na mama mdogo, ya mjomba na baba mkubwa, kwa kuwa ndio watu watakaokuwa sebuleni akifika. Kitabu ambacho wahusika wake ni mgeni, dereva na mhudumu wa hoteli tu hakina mahali pa kumfundishia hayo.

Upande huo wa jamii unahusu pia Kiswahili cha wapi. Vitabu karibu vyote hufundisha Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya lahaja ya Unguja. Mfanyakazi wa misaada anayekwenda mashariki ya Kongo atakuta watu wakisema “batoto” na “bintu” pale alipofunzwa “watoto” na “vitu”. Haina maana aache kiwango sanifu, bali anahitaji rekodi za wasemaji wa huko ili sikio lake lizoee kabla ya safari.

Mwanafunzi anatoka lugha gani?

Kifaa kizuri hujua pia mwanafunzi amebeba nini kutoka lugha yake ya kwanza.

Anayesema Kiarabu, kwa mfano mjini Muscat, huanza na akiba kubwa: habari, wakati, saa, thamani, safari. Sauti za “dh”, “th”, “kh” na “gh” si ngeni kwake. Lakini Kiarabu hakina “p” wala “v”, hivyo anahitaji mazoezi ya kutenganisha “panda” na “banda”, au “vua” na “fua”. Neno “kitabu” analijua, ila itambidi azoee kwamba Kiswahili kimelichukua “ki” kuwa kiambishi cha ngeli, na wingi wake ni “vitabu”.

Anayesema Kiingereza hana tabu na “p” wala “v”. Tabu yake huwa “ng'” inapoanza neno, kama katika “ng'ombe”, pamoja na irabu tano ambazo Kiswahili hutamka kwa usafi ule ule kila mara. Wapo pia wanafunzi ambao lugha zao hazitofautishi “l” na “r”. Kwao “kula” na “kura” ni mazoezi ya lazima.

Jambo moja huwatatiza takribani wageni wote, nalo ni saa. Saa moja asubuhi ya Mswahili ni saa saba kwa hesabu ya Kiingereza. Kifaa kinachoacha jambo hilo hadi sura ya kumi kitamfanya mwanafunzi akose basi katika wiki ya kwanza.

Mtoto wa ughaibuni yuko mahali pa pekee. Mara nyingi anaelewa anapoambiwa “njoo”, “kula” au “nyamaza”, lakini hujibu kwa Kiingereza. Hawezi kusoma Kiswahili, wala hajui kwamba anachokisikia nyumbani kina kanuni. Kitabu cha wanaoanza humchosha, kwa sababu kinamfundisha anayoyajua; kitabu cha shule za Afrika Mashariki humshinda, kwa kuwa kimeandikwa kwa mtoto anayekiishi Kiswahili kutwa nzima. Kwake, kifaa kifaacho huanza na yale anayoyasikia nyumbani, kisha kumwonyesha yanavyoandikwa, na kumpa sababu ya kujibu.

Saa zilizopo

Foreign Service Institute hukadiria kwamba mtu mzima anayesema Kiingereza huhitaji takriban wiki 36, yaani kama saa 900 za darasani, ili atumie Kiswahili kikazi. Kihispania huhitaji muda mfupi zaidi, na Kiarabu zaidi ya mara mbili ya muda huo.

Darasa la Jumamosi la saa mbili, kwa majuma 40, hutoa saa 80 kwa mwaka. Kwa mwendo huo saa 900 zingehitaji zaidi ya miaka 11. Hesabu hiyo haipaswi kumkatisha mwalimu tamaa, ila inamlazimu kuchagua. Hawezi kufundisha kila kilichomo kitabuni. Atafute vifaa vinavyoweza kutumika pia nyumbani kati ya Jumamosi mbili: sauti za kusikiliza garini, hadithi fupi za kusomwa na mzazi, na kazi ambayo haikamiliki mpaka mtoto amwulize mtu mzima swali kwa Kiswahili.

Katika kupanga malengo, walimu wengi hutumia ngazi sita zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, kuanzia A1 hadi C2. Faida yake ni kwamba ngazi hizo huelezwa kwa yale ambayo mwanafunzi anaweza kuyafanya, kama kujitambulisha au kusimulia yaliyompata, badala ya idadi ya sura alizomaliza.

Kutunga somo lako

Pale ambapo hakuna kitabu kinachotosha, mwalimu hutunga. Kazi hiyo haihitaji mtambo wa uchapaji, lakini inahitaji utaratibu.

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha mambo ambayo wanafunzi hao watayafanya kwa lugha hiyo: kumpigia babu simu, kununua mboga, kumweleza daktari wapi panauma.

Hatua ya pili ni kukusanya lugha yenyewe. Waombe watu wawili wazungumze juu ya jambo hilo, na kwa ridhaa yao warekodi. Mazungumzo yanayobuniwa mezani huwa na sentensi kamili mno. Sokoni watu hukatizana, hurudia na kupunguza bei kwa neno moja.

Hatua ya tatu ni kupunguza. Chukua mistari sita au minane, na maneno mapya machache.

Hatua ya nne ni mazoezi, na hapa mpango wa Stevick ni mwepesi kufuata. Kila mzunguko una sehemu mbili. Katika ya kwanza mwanafunzi huiga: “Unakwenda wapi?” “Ninakwenda sokoni.” Kisha hubadili neno moja: posta, kazini, shuleni. Katika ya pili huulizwa swali lile lile, naye hujibu ukweli wake mwenyewe. Somo lisilofika sehemu ya pili humwacha mwanafunzi na maneno ya watu wengine.

Hatua ya tano ni kujaribu. Somo litumiwe na wanafunzi wachache, na mwalimu aandike pale walipokwama, walipocheka na walipouliza swali ambalo hakulitarajia. Maandishi hayo ndiyo msingi wa toleo la pili.

Vya zamani na vya bure

Kutunga hakumaanishi kuanza patupu. Kozi za miaka ya 1960 za Foreign Service Institute, zilizotungwa na serikali ya Marekani, zinapatikana bure kwenye intaneti pamoja na sauti zake. Mazoezi yake ya ngeli bado yana faida, ila bei, simu na ofisi zinazotajwa ni za enzi nyingine, hivyo zinahitaji kubadilishwa. Kwa watoto, mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, hutoa hadithi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na huruhusu kuzitafsiri na kuzirekebisha.

Kazi nyingine nyingi zinalindwa na haki miliki. Kukipiga chapa kitabu kizima cha mwandishi wa Nairobi au Unguja na kukigawa darasani ni kumnyima riziki mtu ambaye vitabu vyake vinahitajika. Mwalimu aombe ruhusa, au atumie kazi ambazo wenyewe wameziruhusu.

Kipimo cha mwisho

Umuhimu wa mambo haya umeongezeka. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake za kazi. Wanafunzi wanatafutwa na walimu wanaajiriwa, lakini sherehe haziwezi kuziba pengo la kitabu kisichomfaa anayekisoma.

Mwisho wa muhula, mwalimu anaweza kuhesabu sura zilizokwisha au alama za mtihani. Kwa darasa la Jumamosi kuna kipimo kilicho rahisi zaidi: bibi anapiga simu, mtoto anaipokea mwenyewe, na mazungumzo yanaendelea bila mzazi kukalimani.