Wakulima wa Kalibawang

Mbali sana na Kongo, ukivuka bahari ya Hindi kuelekea mashariki, kuna kisiwa kinachoitwa Java. Ni sehemu ya nchi ya Indonesia. Urefu wake ni karibu kilometa 1000 tu, lakini watu wakaao humo wamepita milioni 150. Wanakula nini watu wengi namna hii? Tangu zamani wanakula wali, na wali huo umetoka katika mikono ya wakulima wa vijijini.

Leo twataka kuwasimulia habari za vijiji vya wilaya moja ndogo ya Java, jina lake Kalibawang. Katika Kijava kali maana yake ni mto, na bawang ni kitunguu saumu. Labda msomaji atauliza: Mambo ya huko yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, kwa sababu mbili. Kwanza, mfalme aliyeitwaa Kongo yetu zamani alijifunza ukoloni kwa kuitazama Java. Tena, wakulima wale waliletewa mambo mengi na wageni, mengine kwa nguvu, mengine kwa upole. Tukitazama yaliyodumu na yaliyopotea, tutapata fundisho la kutufaa.

Nchi na kazi zake

Kalibawang iko upande wa magharibi wa mto Progo, penye vilima vya Menoreh, karibu kilometa 30 kutoka mji wa Yogyakarta. Ng'ambo ya mto unasimama Merapi, mlima wa moto kama Nyiragongo yetu. Majivu yake huharibu mashamba, kisha miaka ikipita huyapa rutuba. Upande wa kaskazini, si mbali, ni Borobudur, hekalu kubwa la mawe lililojengwa na Wabuddha yapata miaka 1200 iliyopita. Basi wenyeji wa nchi ile si watu wa jana.

Mashamba ya mpunga yamechongwa penye miteremko kama ngazi, na kila ngazi ina ukingo wa udongo. Maji huingia shamba la juu, hulijaza, kisha hushuka kwa jirani. Mwenye shamba la juu akiyazuia, wa chini atakosa chakula. Kwa hiyo mkulima wa Java hawezi kuishi peke yake. Mtu akijenga nyumba, majirani huja kumsaidia bila mshahara, naye huwapa chakula tu. Desturi hiyo yaitwa sambatan. Kesho naye atakwenda kwao.

Zamani wanawake ndio waliovuna. Walikata mpunga shuke kwa shuke kwa kisu kidogo kiitwacho ani-ani, ambacho huonekana kwa shida katika kiganja. Wazee walisema kwamba Dewi Sri, mwenye mpunga, asiogopeshwe na chuma kikubwa. Lakini desturi ile ilikuwa na faida nyingine. Kila mwanamke aliyekuja kuvuna alipewa fungu lake, liitwalo bawon. Hata mjane asiye na shamba alirudi nyumbani na mpunga wa watoto wake.

Kilimo cha lazima

Mwaka 1825 Diponegoro, mwana wa sultani wa Yogyakarta, aliinua vita juu ya Waholanzi. Vita vilidumu miaka mitano, na Wajava karibu 200,000 walikufa. Tarehe 28 Machi 1830 Diponegoro aliitwa mjini Magelang kwa mazungumzo, akakamatwa palepale. Alikufa uhamishoni mwaka 1855.

Hazina ya Waholanzi ilikuwa imekauka. Basi mwaka uleule wa 1830 gavana wao Johannes van den Bosch alileta amri mpya. Kila kijiji kitenge sehemu moja ya tano ya mashamba yake kwa mazao yaliyotakiwa Ulaya: kahawa, miwa, na mmea wa indigo wa kutia nguo rangi ya buluu. Asiye na shamba afanye kazi siku 66 kila mwaka. Katika maandiko ilikuwa hivyo. Kwa matendo ikawa zaidi. Wakubwa wa serikali na machifu walipata fungu la fedha kadiri ya mavuno. Kwa hiyo kila mmoja alimsukuma aliye chini yake, na wa mwisho kabisa alikuwa mkulima.

Kedu, jirani ya Kalibawang, iliwekwa chini ya amri hiyo. Katika nchi yenyewe ya sultani mambo yalikuwa na sura nyingine. Mashamba yalipangishwa kwa Wazungu, na kazi ya wanakijiji ilihesabiwa pamoja na udongo. Upande wa kaskazini, katika Demak na Grobogan, njaa kubwa iliingia kati ya mwaka 1848 na 1850. Watu walikufa kwa maelfu, wengine wakakimbia. Walikufa njaa katika nchi ya mpunga! Wakati huohuo faida ilikwenda Uholanzi kulipa madeni na kujenga njia za reli. Mpaka mwaka 1877 hazina yao ilikuwa imepokea kutoka huko zaidi ya gulden milioni 800.

Walikuwako Waholanzi waliosema kwamba jambo hili ni ovu. Mmoja wao ni Eduard Douwes Dekker, aliyekuwa mtumishi wa serikali. Mwaka 1860 alitoa kitabu kiitwacho Max Havelaar, akijiita Multatuli. Watu wa Ulaya walipokisoma walianza kuona aibu. Kuanzia mwaka 1870 amri ile ililegezwa kidogo kidogo.

Lakini mwaka 1861 Mwingereza mmoja, J. W. B. Money, alikuwa ametoa kitabu cha kusifu utawala wa Waholanzi katika Java. Kitabu hicho kilimfikia mwana wa mfalme wa Ubelgiji, aliyekuja kuitwa Leopold II. Alikipenda sana. Aliona ya kuwa nchi ndogo ya Ulaya yaweza kutajirika kwa mikono ya wakulima wa mbali. Yaliyofuata katika Kongo twayajua: mpira na kiboko. Hata baada ya siku zake, tangu mwaka 1917, serikali ya Wabelgiji ililazimisha wakulima kulima pamba. Wazee wetu waliopimiwa shamba la pamba na wale Wajava waliopimiwa shamba la indigo hawakujuana, lakini mzigo wao ulikuwa mmoja.

Chemchemi kati ya miti ya sono

Mwaka 1896 alifika Java padri Myesuiti wa Uholanzi, Franciscus van Lith. Mwaka uliofuata alianza kukaa Muntilan, ng'ambo ya mto Progo. Alikuta Wakristu wachache, na moyo wake ulihuzunika. Wengine walikuwa wamebatizwa kwa tumaini la fedha, ili madeni yao yalipwe. Tena kati ya makatekista walikuwamo wenye mwenendo mbaya. Padri aliwaondoa, ingawa hesabu ya Wakristu ilipungua. Hapo kazi ilionekana kama imekufa.

Basi alianza upya kwa njia nyingine. Alijifunza Kijava, si cha kuagizia chakula tu, bali cha kuzungumza na wakubwa na wadogo kwa heshima ipasayo. Alijifunza desturi za watu na michezo yao ya vivuli, iitwayo wayang. Alikaa na wakulima, akasikiliza mashauri yao ya mashamba na madeni. Miaka ikapita, na waliobatizwa walikuwa wachache tu.

Katika Kalibawang alikuwako mtu jina lake Sarikromo, mwenye ugonjwa wa miguu. Wanasimulia kwamba alijikokota mpaka Muntilan kutafuta dawa, na kwa mapadri akatunzwa akapona. Akaahidi kwamba miguu iliyoponywa itakwenda kumtumikia Mungu. Tarehe 20 Mei 1904 alibatizwa pamoja na wenzake watatu wa kwao, akapewa jina Barnabas. Alirudi nyumbani, akawa katekista. Alipita nyumba kwa nyumba, akifundisha kwa lugha ya jirani zake.

Katika kitongoji cha Semagung palikuwa na chemchemi kati ya miti miwili iitwayo sono. Wasafiri walipumzika hapo, na watu walisema kwamba ni makao ya roho. Tarehe 14 Desemba 1904 padri van Lith alibatiza hapo watu 171 kwa siku moja, kwa maji ya chemchemi ileile. Hakuna aliyelipwa hata senti. Tangu hapo mahali pale paitwa Sendangsono, yaani chemchemi ya miti ya sono. Tarehe 8 Desemba 1929 padri J. B. Prennthaler alipaweka kuwa mahali pa hija, penye pango la Bikira Maria. Baadaye, kuanzia mwaka 1974, padri Mangunwijaya, aliyekuwa pia fundi mkubwa wa majengo, alipapanga vizuri bila kukata kilima wala miti. Mahujaji huja kwa wingi, hasa mwezi wa Mei na wa Oktoba. Na Waislamu wa vijiji vile ni jirani zao wa kila siku.

Padri van Lith alifungua pia shule ya walimu Muntilan. Miaka michache kabla ya kufa kwake mwaka 1926, aliwaandikia Waholanzi kwamba wakitengana na Wajava, yeye atakuwa upande wa Wajava. Wazungu wengi walimchukia kwa neno hilo. Lakini mwanafunzi wake mmoja, Albertus Soegijapranata, mwaka 1940 akawa askofu wa kwanza mwenyeji wa Indonesia. Wakati wa kupigania uhuru alihamia Yogyakarta, mji mkuu wa Jamhuri wa siku zile, ili awe pamoja na watu wake. Alifundisha kwamba Mkatoliki wa Indonesia awe Mkatoliki mzima na Mwindonesia mzima.

Mfereji wa sultani

Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Java. Walitaka mpunga, na walitaka watu. Malaki ya wakulima walichukuliwa kufanya kazi ya lazima; waliitwa romusha. Wengine walipelekwa ng'ambo ya bahari, na wengi wao hawakurudi.

Sultani wa Yogyakarta, Hamengkubuwono IX, alitafuta akili. Aliwaambia Wajapani kwamba nchi yake ni kavu, mavuno yake kidogo. Wakitaka mpunga mwingi, kwanza mfereji uchimbwe. Wakakubali. Basi kutoka mto Progo, mpakani mwa Kalibawang, watu walichimba mfereji wa kilometa 31 hivi mpaka mto Opak upande wa mashariki. Kazi ilikuwa ngumu, lakini waliifanya katika nchi yao, na wengi waliokoka wasipelekwe mbali. Mfereji huo waitwa Selokan Mataram. Wajapani walishindwa mwaka 1945 wakaenda zao, lakini maji yanapita hata leo katika mashamba ya watoto wa wachimbaji.

Mbegu mpya

Tangu mwisho wa miaka ya 1960 serikali ya Indonesia ilileta mbegu mpya za mpunga, zenye shina fupi na mazao mengi. Mwaka 1984 nchi ilijitosheleza kwa mchele. Ni jambo la kusifiwa. Lakini mpunga ule wafaa kukatwa kwa mundu. Ani-ani ikawekwa kando, na wavunaji wakapunguzwa. Wanawake wengi maskini walinyimwa bawon. Hakuna aliyekuwa ameuliza: Na mjane je?

Tena wakulima waliagizwa kunyunyiza dawa ya wadudu kwa wingi. Dawa iliua pia buibui na wadudu wema, na adui wa mpunga akazidi. Mwaka 1986 serikali ilikataza aina 57 za dawa katika mashamba ya mpunga. Mwaka 1989 zikaanza, katika Java ya Kati, shule za wakulima shambani kwenyewe. Humo mkulima haamriwi. Anaingia shambani na wenzake, anahesabu wadudu, anajua nani adui na nani rafiki, kisha wanashauriana. Shule za namna hiyo zimekwisha kuenea mpaka Afrika.

Fundisho kwetu

Tukusanye basi. Indigo ya lazima imekwisha, na fedha yake haikubaki kijijini. Ubatizo wa kununuliwa ulikufa mapema. Lakini imani iliyoletwa na jirani kwa lugha ya nyumbani imedumu zaidi ya miaka 100. Mfereji uliochimbwa kwa akili ya kuwahurumia watu unanywesha mashamba bado. Na elimu ambayo mkulima aliiona kwa macho yake mwenyewe imevuka bahari.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno hili ni zuri, lakini si kila mgeni anayeponya. Nasi pia, tunapokwenda kijijini na mbegu, na shule, au na Injili, tunaweza kuwa wageni, hata kama tulizaliwa humohumo. Tusihesabu upesi tumeandika majina mangapi. Tukae kwanza na watu, tuijue lugha yao na shida zao, tumwulize hata mjane asiye na shamba. Mwenyeji akilipokea jambo kwa moyo wake, yeye mwenyewe atalichukua mbele, kama Sarikromo kwa miguu yake iliyoponywa.