Gregory Maloba (1922–2007): Mchonga Sanamu na Mwalimu wa Sanaa

Katika makanisa na vigango vyetu, kuanzia Nyasubi mjini Kahama hadi parokia zilizo kando ya machimbo ya Geita, waamini husali mbele ya sanamu za Bwana wetu, za Bikira Maria na za watakatifu. Nyingi kati ya sanamu hizo zimetoka mbali, na ni wachache wanaojiuliza ni mikono ya nani iliyozitengeneza, wala ni nani aliyeifundisha mikono hiyo. Wakati huohuo, mtoto anayefinyanga ng'ombe wa udongo kando ya jaruba la mpunga huambiwa upesi aache mchezo. Kwa sababu hiyo tunaeleza hapa maisha ya Gregory Maloba, Mkenya aliyekuwa miongoni mwa Waafrika Mashariki wa kwanza kusomea uchongaji katika chuo cha elimu ya juu, na aliyetumia miaka mingi kuwafundisha wengine kazi hiyo.

Utoto wake Mumias

Maloba alizaliwa mwaka 1922 huko Mumias, magharibi mwa Kenya, katika nchi ya Waluhya. Wamisionari wa Mill Hill walikuwa wamefungua misioni hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Husimuliwa kwamba sanamu za kanisani ndizo zilizomvuta kwanza. Alipokuwa mtoto aliziona kama kitu kisicho cha dunia hii, mpaka siku alipotambua kwamba zilitengenezwa na binadamu. Kuanzia hapo akatamani kufanya vivyo hivyo, akaanza kufinyanga udongo.

Utambuzi huo haupunguzi heshima ya sanamu takatifu. Mtaguso wa Pili wa Nisea, uliofanyika mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima inayotolewa mbele ya sanamu humwendea yule anayewakilishwa nayo, wala haiishii katika mti, jiwe au plasta. Basi, anayejua kwamba sanamu ni kazi ya mikono hana la kuogopa. Kwa Maloba, kujua hivyo kulikuwa mwanzo wa wito wa maisha.

Mwanafunzi wa Makerere

Mwaka 1937 Mwingereza mmoja, Margaret Trowell, mke wa daktari wa hospitali ya Mulago, alianza kufundisha sanaa nyumbani kwake mjini Kampala. Katika siku zile za ukoloni, wengi hawakuona kwamba sanaa ni somo la chuo kwa Mwafrika. Trowell aliona kinyume. Hakupenda wanafunzi wake wanakili picha za Ulaya. Aliwasomea au kuwasimulia kisa, akawataka kwanza wakione kwa macho ya ndani, kisha wakichore au kukifinyanga kama walivyokiona wao. Darasa hilo dogo likakua na kuwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo leo ina jina lake.

Maloba alifika kwake mwanzoni mwa miaka ya 1940, akawa mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza kabisa. Kazi yake ya mti iitwayo Kifo, ya miaka hiyohiyo, ilionyesha mapema kwamba kijana huyu hakuchonga mapambo tu, bali alitafuta kusema jambo zito. Baadaye alikwenda kuongeza masomo Uingereza, akarudi Makerere kufundisha. Pamoja naye alifundisha Sam Ntiro, mchoraji kutoka Machame, Kilimanjaro, ambaye baadaye aliiwakilisha Tanganyika kama Balozi jijini London. Hivyo wanafunzi wa jana wakawa walimu wa leo.

Yafaa kueleza kwa kifupi kazi aliyoifundisha. Mchongaji wa mti au jiwe hufanya kazi kwa kupunguza. Kipande kilichokwisha kukatwa hakirudi, kwa hiyo humlazimu kufikiri kabla ya kupiga tezo. Mfinyanzi hufanya kazi kwa kuongeza. Udongo humruhusu kujaribu, kubomoa na kuanza upya, kisha umbo alilolipata linaweza kutolewa kwa kalibu katika saruji au shaba. Kazi ya kwanza yataka uamuzi, ya pili yataka subira. Mwanafunzi hahitaji kifaa pekee. Ahitaji mtu wa kusimama kando yake na kumwonyesha namna ya kutazama.

Sanamu ya Uhuru

Kazi yake inayojulikana zaidi ni Sanamu ya Uhuru iliyoko katikati ya jiji la Kampala, iliyosimamishwa wakati Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Ina urefu wa takriban mita 6. Inaonyesha mtu aliyefungwa kwa vitambaa mwilini, akimwinua mtoto juu. Mtoto amenyoosha mikono yake mbinguni, naye hana kifungo chochote. Mzazi bado anabeba alama za utumwa, mtoto yuko huru. Hakuna jina la mtawala wala silaha katika sanamu hiyo, na kila mpita njia aliyewahi kumbeba mwanawe huielewa. Leo inaonekana hata katika noti za Uganda.

Katikati ya miaka ya 1960 Maloba alirudi Kenya, akafundisha usanifu katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alifariki dunia mwaka 2007.

Katika shule ya Makerere, siku za Trowell na Maloba, walipita vijana waliokwenda kuwa nuru mahali pengi. Rosemary Karuga, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kusoma hapo, alifundisha shuleni kwa miaka mingi kabla ya kujulikana uzeeni kwa picha zake za vipande vya karatasi. Elimo Njau wa Marangu alichora mwaka 1959, katika kanisa la Kianglikana huko Murang'a, maisha ya Yesu katika mandhari ya Kiafrika.

Kipaji na mwalimu wake

Kitabu cha Kutoka, sura ya 31 na ya 35, chasimulia juu ya Besaleli, fundi wa dhahabu, mawe na miti aliyejazwa Roho wa Mungu ili aitengeneze hema ya ibada. Mara nyingi husahaulika kwamba Mungu aliweka moyoni mwake, na mwa mwenzake Oholiabu, uwezo wa kufundisha. Kipaji kisichofundishwa kwa wengine huzikwa pamoja na mwenyewe.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, ulitamka kwamba sanaa ya mataifa yote iwe na nafasi katika Kanisa, ukawahimiza maaskofu kuwalea wasanii na kuwaanzishia shule. Hapa Usukumani tuna mfano wa karibu: kanisa la Bujora, karibu na Mwanza, lililojengwa katika siku za Padre David Clement kwa kufuata maumbo ya nyumba ya utemi.

Katika ukanda wetu wa dhahabu, kijana hujifunza mapema kuvunja jiwe ili kupata kilichomo. Ni vema pia ajue kwamba jiwe, mti na udongo vyaweza kupewa sura. Halmashauri ya parokia inayotafuta sanamu ya kigango yaweza kuuliza kwanza kama yuko fundi katika jumuiya zake. Mzazi naye, amkutapo mtoto na udongo mikononi, amwulize anatengeneza nini, kisha asikilize jibu lake. Maloba alianza na udongo kama huo huko Mumias, akapata mwalimu aliyemtazama kwa makini.