Uangazi

Bariadi haina bahari. Maji makubwa ya karibu ni Ziwa Viktoria, kule Busega, na anayetaka kuiona Bahari ya Hindi ajiandae kushinda kutwa nzima ndani ya basi. Hata hivyo mkulima wa pamba anayesubiri vuli ili apande, anaisubiri na bahari hiyo, ajue asijue.

Watu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania wana neno la kazi ya kulipima anga na bahari: uangazi. Wengine huandika uchunguzi, na nimewahi kukuta "uangalizi wa bahari", kana kwamba bahari ni mtoto aliyeachiwa yaya. Mimi nasimama na uangazi. Kuangaza si kutoa mwanga tu, ni kukaa macho pia, kukodoa bila kusinzia. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo: vipimo vilevile, saa zilezile, hata siku ambayo hakuna cha ajabu.

Baharini waangazi wengi si watu. Maboya ya Argo, takriban 4,000 duniani kote, huzama hadi mita 1,000 yakachukuliwa na mkondo, hushuka hadi mita 2,000, kisha hupanda yakipima joto na chumvi njia nzima. Kila baada ya siku 10 hivi huibuka, hutuma vipimo kwa setilaiti, yakazama tena.

Vipimo vya namna hii ndivyo vinavyoonyesha bahari imeegemea wapi. Kuna miaka maji ya upande wetu hupata joto kuliko kawaida huku ya Sumatra yakipoa, na vuli yetu hunenepa. Ndivyo ilivyokuwa 2019. Mambo yakigeuka, kama 2022, vuli hukonda. Wanasayansi Saji, Yamagata na wenzao walilieleza jambo hili mwaka 1999 na kulipa jina la ncha mbili, kama za sumaku. Ningependa tuliite mizani ya Bahari ya Hindi: kitanga kimoja kikishuka, kingine kinapanda. Bariadi, kwenye pamba, hakuna asiyejua mizani.

Ila uangazi ukiishia kwenye kompyuta, ni macho yasiyo na mdomo. Anayeagiza mbegu na viuadudu anataka tarakimu, na mwenye kiwanda cha kuchambua pamba anataka kujua kama atapata mzigo wa kutosha. Wote hao wanaweza kupiga simu wakauliza. Lakini kwenye chama cha ushirika cha kijiji ujumbe wa msimu hufika umebaki maneno mawili matatu: mvua juu ya wastani.

"Mwanangu," mzee mmoja aliniuliza tukiwa tumekalia magunia ya mbegu, "huo wastani ni wa shamba la nani?"

Nilikosa jibu la haraka. Wastani wa mtaalamu ni hesabu ya miaka 30; wa mzee ni msimu anaoukumbuka. Tena mvua inaweza kuuvuka wastani kwa kumwagika wiki mbili, halafu ikakata pamba ikiwa na majani mawili. Hilo si kosa la bahari wala la boya. Ni neno lililotumwa peke yake safari ndefu.

Nalo neno utabiri halisaidii. Asili yake ni Kiarabu, kufasiri ndoto, na bado lina harufu hiyo: ukitabiri ukakosea, wewe mwongo. Bora angalizo, neno ambalo Mamlaka hulitumia kwa onyo la daraja la kwanza, kabla ya tahadhari. Halimwahidi mtu kitu. Linamwambia tupa jicho huku.

Nilimweleza mzee habari za yale maboya, yanavyozama na kuibuka. Alisikiliza, akafunga mdomo wa gunia lake kwa kamba ya katani.

"Na hao wanaoangaza huko," akauliza, "wanalala saa ngapi?"

Nikamwambia hawalali.