Wanawake Wapiganaji wa Nyika

Wanawake wapiganaji wa nyika ni jina la jumla la wanawake wa jamii za wahamaji wa kale waliopanda farasi, kupiga mishale na kwenda vitani katika ukanda wa majani unaotoka kaskazini mwa Bahari Nyeusi hadi milima ya Altai. Wanaotajwa zaidi ni wa Wasikithi, Wasauromata, Wasarmatia, Wasaka na Wamassageta, hasa kati ya karne ya 7 na ya 2 KK. Wasikithi ni hao hao wanaotajwa katika Waraka kwa Wakolosai 3:11. Kwa Wagiriki, habari za wanawake hao zilichanganyika na za Waamazoni, taifa la wanawake pekee wasiotaka wanaume, na ngano hiyo imeuziba ukweli kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Habari za Wagiriki

Chanzo kikuu ni kitabu cha nne cha Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki. Anasimulia kwamba Wagiriki waliwashinda Waamazoni vitani karibu na mto Thermodon, wakawapakia mateka merikebuni. Wakiwa baharini wanawake wakawaua mabwana zao wote, kisha wakagundua kuwa hakuna hata mmoja wao ajuaye kushika usukani. Upepo ukawatupa pwani ya Bahari ya Azov, kwenye nchi ya Wasikithi. Baada ya mapigano, wazee wa Kisikithi walipotambua kuwa adui ni wanawake, waliwatuma vijana wao wapige kambi karibu nao, wasipigane. Vijana wakazoeana nao, wakaoana. Walipoombwa waende kukaa kwa wakwe, wanawake walikataa: wao walizoea upinde na farasi, na wanawake wa Kisikithi walishinda ndani ya magari ya kukokotwa wakifanya kazi za nyumbani. Wakavuka mto Don pamoja na waume zao, na kutoka kwao, asema Herodoto, wakatokea Wasauromata, ambao binti hakuolewa mpaka aue adui.

Maandishi yanayohesabiwa kuwa ya tabibu Hippocrates yanapandisha idadi hadi maadui watatu, na kuongeza kwamba titi la kulia la mtoto wa kike lilichomwa ili nguvu ihamie mkononi. Hilo la titi ni porojo. Wachoraji wa Kigiriki wenyewe, waliochora Waamazoni kwenye mamia ya vyungu na kuwachonga kwenye hekalu la Parthenon, waliwaonyesha wakiwa na matiti yote mawili.

Malkia

Tomyris wa Wamassageta ndiye mashuhuri kuliko wote. Koreshi, mfalme wa Uajemi, alimposa; malkia akang'amua kwamba kinachoposwa ni nchi. Koreshi akavuka mto na jeshi, akaacha kambi yenye vyakula na divai kama mtego, na sehemu ya jeshi la malkia ikanaswa ikiwa imelewa. Mwanawe, Spargapises, alikuwa miongoni mwa mateka. Alipofunguliwa kamba alijiua. Katika vita vilivyofuata, mwaka 530 KK, Koreshi aliuawa, na Tomyris akakitumbukiza kichwa chake katika kiriba kilichojaa damu. Herodoto anakiri kwamba alisikia visa vingi juu ya kifo hicho na akachagua kimoja. Xenophon, mwandishi mwingine wa Kigiriki, anamfisha Koreshi kitandani kwake, akiwausia wanawe.

Amage, mke wa mfalme wa Wasarmatia, hana sifa anayostahili. Polyaenus, mwandishi wa kale wa mbinu za vita, anaeleza kuwa mumewe alikuwa mlevi, hivyo yeye ndiye aliyeamua kesi na kupanga ulinzi wa mipaka. Mji wa Chersonesos, katika rasi ya Crimea, ulipoonewa na mfalme wa Kisikithi, Amage alimwonya kwanza. Alipopuuzwa, alichagua watu 120, akampa kila mmoja farasi watatu wa kubadilisha, na kwa usiku mmoja na mchana mmoja wakaenda stadia 1,200, yaani zaidi ya kilomita 200. Walinzi hawakuwahi kujipanga. Alimuua mfalme na jamaa zake, akairudisha ardhi kwa wenyeji na kumwachia mtoto wa marehemu utawala, kwa sharti la kuishi na jirani kwa amani.

Zarina wa Wasaka na Tirgatao wa Wamaeota, watu wa pwani ya Bahari ya Azov, wametajwa pia na waandishi wa kale.

Silaha

Walitumia upinde mfupi wa mbao, pembe na kano za wanyama. Mishale yenye chembe za shaba nyeusi, mfupa au chuma. Mkuki, jambia na shoka. Kwa mpanda farasi mwenye upinde, shabaha na mazoezi tangu utotoni ni muhimu kuliko misuli.

Ushahidi wa makaburi

Kwa miongo mingi wachimbaji walipokuta silaha kaburini waliandika "mwanamume", na walipokuta kioo na shanga waliandika "mwanamke", bila kuipima mifupa. Mtindo huo umegharimu sana elimu ya nyika.

Katika miaka ya 1990, wanaakiolojia Jeannine Davis-Kimball wa Marekani na Leonid Yablonsky wa Urusi walichimba vilima vya makaburi huko Pokrovka, karibu na mpaka wa Kazakhstan. Walikuta wanawake waliozikwa na silaha, akiwemo msichana wa miaka 13 au 14 mwenye mifupa ya miguu iliyopinda kama ya mtu aliyeshinda juu ya farasi, pamoja na jambia na podo lenye makumi ya mishale. Kwa makadirio ya mwanaakiolojia David Anthony, takribani asilimia 20 ya makaburi ya kivita ya Wasikithi na Wasarmatia kwenye Don ya chini na Volga ya chini ni ya wanawake.

Mwaka 2019 Taasisi ya Akiolojia ya Urusi ilitangaza kaburi la karne ya 4 KK katika kijiji cha Devitsa, mkoa wa Voronezh. Ndani walilala wanawake wanne: mmoja wa miaka 12 au 13, wawili watu wazima, na mmoja wa miaka 45 hadi 50, umri mkubwa kwa zama hizo. Wezi wa kale walifukua upande mmoja tu. Upande waliouacha, yule mwenye umri mkubwa alikuwa bado amevaa kofia ya sherehe yenye mabamba ya dhahabu, na jirani yake amelazwa miguu imepanuka kana kwamba amepanda farasi, na mikuki miwili ubavuni. Zaidi ya vichwa 30 vya mishale vya chuma viliokotwa humo.

Mfano wa Saryg-Bulun, Tuva, unafundisha zaidi. Mwaka 1988 lilifukuliwa jeneza la gogo lililozibwa vizuri hata maiti ikakauka bila kuoza. Kulikuwa na shoka, upinde na podo la ngozi lenye mishale 10; hapakuwa na kioo wala shanga. Aliandikwa mvulana. Mwaka 2020 uchunguzi wa DNA ulionyesha kuwa ni msichana, hata miaka 14 hajafikisha.

Makaburi haya yanathibitisha kwamba wanawake walishika silaha. Hayathibitishi taifa la wanawake: wamezikwa katika makaburi yale yale ya koo zao, na pengine watoto kando.

Historia mbadala

Kujiuliza "ingekuwaje kama" ni jambo la kale; mwanahistoria Livius wa Roma aliandika juu ya Aleksanda Mkuu kuivamia Italia. Kwa nyika, njia panda ya kwanza ni mwaka 530 KK. Tuseme Tomyris, badala ya kurudi malishoni, angeishukia Uajemi iliyofiwa. Ruhusa ya Wayahudi kurudi Yerusalemu ilikuwa imekwisha kutolewa mwaka 538, lakini hekalu lao lilikamilika chini ya mfalme Dario wa Uajemi, na Dario asingetawala. Misri isingetekwa na Waajemi mwaka 525, wala vita vyao na Wagiriki huko Marathon mwaka 490 visingepiganwa. Hoja ya kawaida ya kupinga ni kwamba wahamaji hawawezi kushika miji. Si kweli: Waparni, wapanda farasi wa nyika hiyo hiyo, waliingia Iran katika karne ya 3 KK na kuasisi dola ya Waparthi iliyodumu hadi mwaka 224 BK.

Njia panda ya pili ni ya Aleksanda. Kisa cha malkia Thalestris wa Waamazoni aliyekaa naye siku 13 ili apate mtoto kilikanushwa tangu kale. Plutarch, mwandishi wa maisha ya Aleksanda, anataja barua ya Aleksanda mwenyewe: haina Mwamazoni, ina mfalme wa Kisikithi anayemtolea binti yake. Aleksanda alikataa, na mwaka 327 KK akamwoa Roxana. Angekubali, mrithi wake angekuwa na wajomba wenye farasi na pinde, na aliyeamuru mtoto wa Roxana auawe angefikiri mara mbili.

Hadithi nyingi za kubuni haziendi njia hizi. Hupendelea visiwa vya wanawake pekee, kama katika katuni za Wonder Woman zilizoanza mwaka 1941, na hivyo hukopa ngano ya Wagiriki na kuiacha nyika ilivyokuwa.

Wakati wa sasa

Tomyris anaheshimiwa Kazakhstan, ambako filamu ya Tomiris ya mwongozaji Akan Satayev ilitolewa mwaka 2019. Kitabu cha mwanahistoria Adrienne Mayor, The Amazons (2014), bado kinasomwa sana.